Hatutumii patasi: jibu kwa rafiki mchonga milango wa Lamu

Athmani ndugu yangu, nimeisikiliza sauti uliyonitumia mara mbili, na mlio wa nyundo yako nyuma yake. Umeniuliza mambo mawili: hizi chipu za simu na magari huku Ujerumani twazichonga kwa patasi gani, na je, mwanao aache mbao anifuate?

Kwanza niivunje sifa niliyopewa huko mtaani. Mimi sitengenezi chipu. Hapa Dresden nalinda mashine mbili, na zikigoma naziamsha. Aliye mlango wa pili analinda zake.

Patasi haiko. Kinachochora ni mwanga. Wakumbuka bibi arusi anavyopakwa hina kwa karatasi iliyokatwa maua? Palipozibwa hapashiki rangi. Basi anzia hapo. Twachukua sahani ya silikoni, kitu kigumu kitokanacho na mchanga, yenye upana wa milimita 300, kama sinia dogo lakini nyembamba kuliko sarafu. Hudondoshewa dawa, ikazungushwa kwa kasi mpaka dawa itandae sawasawa. Kisha mwanga hupita kwenye kioo chenye mchoro, na lenzi zikaupunguza mchoro huo mara 4. Dawa iliyopigwa na mwanga hulainika, ikaoshwa na kutoka. Iliyokaa kivulini hubaki kuwa ngao. Ndipo sahani huingizwa kwenye gesi iliyowashwa kwa umeme, nayo hula palipo wazi tu. Ukinilazimisha nikuonyeshe patasi, ni hiyo gesi. Halafu dawa huondolewa, twaanza tabaka jingine juu yake, na likipotoka kupita kiasi sahani nzima yaweza kuwa takataka. Hurudiwa makumi ya mara, wiki baada ya wiki.

Shida ni kwamba mwanga nao una unene wake. Wimbi la huu wetu ni nanomita 193 (nanomita ni milimita iliyogawanywa mara milioni), na unywele mmoja ni kama nanomita 80,000. Lakini kuna mistari inayotakiwa iwe myembamba kuliko wimbi lenyewe. Hila ya kwanza ni kuweka maji safi baina ya lenzi na sahani, mchoro ukazidi ukali. Ya pili ungeivumbua hata wewe: chora mistari yenye nafasi, kisha rudi uchore mingine katikati. Inafaa, ila kila kurudia ni gharama, na ni nafasi nyingine ya kukosea.

Mashine za kisasa kabisa zatumia mwanga wa nanomita 13.5, na kampuni inayoziunda ni moja tu duniani, ASML ya Uholanzi. Matone ya bati lililoyeyuka, 50,000 kila sekunde, hupigwa na leza, kila tone mara mbili, yakatoa mwanga huo. Hewa huumeza, hata lenzi huumeza, kwa hiyo huongozwa kwa vioo vya kuakisi ndani ya chombo kisicho na hewa. Mimi hiyo sijaigusa. Chipu zetu ni za magari, haziihitaji.

Maisha yenyewe? Zamu ya saa 12, chumba kisicho na dirisha, taa za manjano kama za chemni, kwa sababu mwanga wa buluu huiunguza ile dawa kabla ya wakati. Twavaa nguo nyeupe toka utosini hadi kidoleni, waona mato tu, kama uko mtaani Mkomani na mabuibui yote yamegeuka meupe. Manukato ni marufuku. Mwaka wangu wa kwanza niliingia Ijumaa nimejifukiza udi wa mama, nikarudishwa mlangoni mbele ya watu. Niliona haya, nikakasirika, lakini walikuwa na haki. Sasa udi nautia moto siku za mapumziko tu, na dirisha nafungua, jirani asije akaita zimamoto.

Mshahara ni mzuri, sikufichi, ingawa kodi ya serikali na ya nyumba huufikia kabla yangu.

Kuhusu kijana: aanze na Kijerumani huko huko, kisha aombe mafunzo ya ufundi, miaka 3, darasani na kiwandani, naye akilipwa. Lakini muulize kwanza kama aweza kufanya kazi miaka mingi bila kumwonyesha mtu kitu akasema hiki nimekitengeneza mimi. Mimi naweza. Wewe najua huwezi, maana hata kiti cha msikiti ulikitia jina lako kwa chini. Yeye nilimwacha mdogo, simjui.