Maswali Yenu: Bunduki Mgongoni, Ski Miguuni na Ile Jumapili ya Oslo

Tangu tuweke picha ya Mjerumani Franziska Preuß akiwa amebeba tufe la kioo, lile kombe la bingwa wa msimu mzima, maswali kuhusu biathloni, mchezo wa ski na bunduki, yamekuwa yakiingia tu, mengine ya kuuliza ni mchezo gani huo na mengine ya watu waliokasirika kabisa na jinsi msimu wa 2024/25 ulivyoisha. Mimi huu mchezo naupenda kupita kiasi kwa hiyo mnivumilie nikiandika marefu.

Habari za kazi mhariri. Nipo Hamburg, na kazini winter nzima stori ni biathloni tu. Jumamosi na Jumapili TV inaonyesha mchana kutwa. Mimi naona mtu anateleza kwenye theluji, analala chini, anapiga risasi tano, anainuka anaondoka. Nielezeni basi na mimi niwe na la kuchangia. – Msomaji, Hamburg

Nzuri sana ndugu yangu. Hicho ulichokiona ndo chenyewe, kilichobaki ni adhabu. Mwanariadha anazunguka njia ya theluji kwa ski akiwa na bunduki mgongoni, haipungui kilo 3.5, anaingia uwanja wa shabaha anakuta vidoti vitano vyeusi mita 50 mbele yake. Akipiga kwa kulala kila kidoti kina upana wa milimita 45, akipiga kwa kusimama ni milimita 115. Akikipata kinageuka cheupe, akikosa basi kila risasi aliyokosa anaenda kuzunguka kiduara cha mita 150 pembeni, na pale sekunde ishirini na kitu zinaondoka huku wenzake wanamwacha. Kwenye ile mbio ndefu ya mmoja mmoja, kilomita 20 wanaume na 15 wanawake, kiduara hakuna ila unaongezewa dakika nzima kwa kila uliyokosa, hiyo ndo kali kuliko zote.

Na Wajerumani kuupenda hivyo sio ajabu, viwanja vya Oberhof na Ruhpolding ni vya kwao, watu wanasimama kwenye baridi masaa na masaa, na wachezaji wao wengi ni waajiriwa wa jeshi, forodha au polisi ya nchi. Kazini kesho wewe waulize tu Preuß aliwezaje, utaona meza nzima inafunguka.

Kaka, mtu katoka kukimbia hivyo moyo unapiga kama utatoka, anapigaje shabaha? – Msomaji, Mwanza

Hapo umegusa penyewe. Mbio nyingi zinaamuliwa pale kwenye mkeka wa kupigia shabaha, sio kwenye mteremko. Mwangalie anavyoingia, mita mia mbili kabla anaanza kupunguza kasi kidogo ili pumzi irudi, na macho yanaenda kwenye vile vibendera vidogo vinavyoonyesha upepo, kama umebadilika tangu alipojaribu bunduki kabla ya mbio inabidi ageuze kiskrubu cha darubini... hapana, darubini hairuhusiwi, ni tundu la kulengea tu bila kioo cha kukuza, kwa hiyo anageuza kiskrubu cha lile tundu, klik klik. Anadondosha fimbo, anashusha bunduki, analala, anaunga mkanda kwenye mkono wa juu, anafungua kifuniko kinachozuia theluji isiingie kwenye mtutu. Alafu anapumua. Anatoa pumzi nusu, anaishikilia, anabonyeza, anavuta kitasa kwa kidole na gumba risasi nyingine inaingia, anapumua tena. Wazuri wakilala wanamaliza tano ndani ya sekunde 25 hivi au chini ya hapo.

Kwa kusimama ndo utaona miguu inatetemeka, mtutu unacheza juu ya kidoti unashuka unapanda, na hapo wengi wanafanya kosa lilelile, wanasubiri utulie kabisa, hautulii, pumzi inaisha, mguu unazidi kutetemeka, wanakosa mbili mfululizo. Risasi ni za kweli, ndogo za .22, tena timu zinakaa zinajaribu boksi baada ya boksi kutafuta zinazoenda vizuri kwenye baridi.

Johannes Thingnes Bø kachukua dhahabu Lenzerheide, kila mtu anamsifia, sasa mbona bingwa wa msimu ni Lægreid? – Msomaji, Dar es Salaam

Ni vitu viwili tofauti mkuu, fikiria ligi na kombe la mtoano. Mashindano ya dunia ya Lenzerheide kule Uswisi Februari 2025 yalikuwa na medali zake na pointi zake hazihesabiwi kwenye Kombe la Dunia. Bø, Mnorwe, pale alishinda sprinti, yaani mbio fupi, na ile ya kufukuzana (nitaieleza mwishoni), akaivuka rekodi ya mkongwe Ole Einar Bjørndalen ya mataji 20 ya dunia, hilo hakuna wa kumnyang'anya. Ila Kombe la Dunia msimu ule lilianza mwisho wa Novemba kule Kontiolahti, Finland, likapita Hochfilzen, Le Grand-Bornand, Oberhof, Ruhpolding, Antholz na kwingine mpaka Oslo mwisho wa Machi, wa kwanza anapata pointi 90, wa pili 75, wa tatu 65, inashuka hivyo mpaka wa 40 anayeambulia moja. Sturla Holm Lægreid, Mnorwe mwenzake, alikuwa yupo juu wiki baada ya wiki, analenga vizuri mno. Hivyo ndo tufe linavyopatikana.

Bø alikuwa ameshalichukua mara tano, na Januari pale Ruhpolding akatangaza kwamba yeye na kaka yake Tarjei wanastaafu mwisho wa msimu. Kwa mtu wa miaka 31 ambaye bado anashinda, ule uamuzi mimi niliuheshimu sana.

Yule dada wa Ufaransa alianguka hatua chache kabla ya kumaliza, na tufe likaenda kwa mwingine! Haikuwa haki, mbona hawakurudia mbio? – Msomaji mwenye hasira, Nairobi

Pole dada, na mimi niliumia. Kwa wasioona, ilikuwa Oslo, Holmenkollen, Jumapili tarehe 23 Machi, mbio ya kuanza pamoja, ya mwisho kabisa kwa msimu. Preuß wa Ujerumani na Lou Jeanmonnot wa Ufaransa pointi zao zilikuwa zimebanana kiasi kwamba atakayemtangulia mwenzake ndo bingwa. Wamepiga shabaha mara nne, wametoka wote wawili mbele, mzunguko wa mwisho mmoja yuko mgongoni mwa mwenzake, wanaingia kona ya mwisho kabla ya kunyooka kwenda kwenye mstari, ski zikagusana, Jeanmonnot chini. Akainuka akamaliza wa pili. Preuß akashinda mbio na tufe.

Sasa kuhusu haki. Kona ile ni nyembamba, wote wawili walikuwa wanaitaka, hakuna aliyemsukuma mwenzake kwa mkono, na kurudia mbio kwa sababu mtu kaanguka mchezo huu hauna. Ila ninachowaomba mashabiki wa Lou, msimtazame Preuß kama mtu aliyeokota. Huyu alikuwa na miaka 19 tu kwenye Olimpiki ya Sochi 2014 alipoanguka yeye kwenye mbio za kupokezana na timu nzima ikapotea. Miaka iliyofuata ni kuumwa, kurudi, kuumwa tena, mpaka kabla ya msimu ule akafanyiwa upasuaji wa sainasi ndo mambo yakamnyookea. Lenzerheide alishinda dhahabu ya kufukuzana. Ujerumani haikuwa na bingwa wa msimu upande wa wanawake tangu Laura Dahlmeier 2017. Na bingwa mtetezi, Lisa Vittozzi wa Italia, mgongo ulimharibia msimu, kwa hiyo mwili tu kukubali miezi minne nayo ni sehemu ya ubingwa.

Lou bado ana miaka yake, na mimi ningemwekea pesa.

Sisi huku tuna mapafu. Kijana wa Eldoret hawezi kweli? – Msomaji, Eldoret

Mapafu yapo, na mfano mnao hapohapo kwenu. Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800, alienda Finland kujifunza ski akashiriki Nagano 1998 kwenye kilomita 10, ski za kawaida bila bunduki. Alimaliza wa mwisho, na mshindi Bjørn Dæhlie alimsubiri kwenye mstari akamkumbatia, Boit akaja kumwita mwanawe Dæhlie. Alirudi tena Olimpiki za 2002 na 2006.

Tatizo ni kwamba ski ni mikono, mgongo na ufundi wa kuteleza, wenzenu wanaanza wakiwa watoto. Theluji yenyewe sio kizuizi kikubwa kama watu wanavyodhani, kuna ski za magurudumu za lami na kuna mashindano ya dunia ya biathloni ya kiangazi yanayofanyika juu yake. Bunduki ndo ngumu, kibali sio cha mchezo, lakini watoto Ulaya wanaanza na bunduki za leza zisizo na risasi kabisa. Barabara nzuri ya lami kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, kocha mmoja anayejua, leza tano, mbona inaanzika. Shirikisho likija kusema haiwezekani, waulizeni walijaribu lini.

Nianze kuangalia na mbio gani? – Msomaji, Muscat

Anza na ya kufukuzana. Kila mtu anaondoka kwa tofauti ya sekunde aliyoachwa kwenye sprinti, kwa hiyo hamna hesabu za kichwani, wa kwanza kufika ndo mshindi. Subiri ule upigaji wa nne, wa kusimama, macho usiyatoe kwenye vidoti. Mwezi wa 12 kwa kawaida wanakuwepo Hochfilzen, na Olimpiki ya Februari 2026 biathloni ilipangiwa Antholz, mita 1,600 juu, hewa nyepesi, pale wengi wanafika mkekani wakihema vibaya.