Gari Inachemsha Tena, na Fundi Umeshamlipa

Mara ya kwanza Noah yangu ilichemsha ikipanda kutoka Magubike kwenda Gairo. Mshale wa joto ulipanda, nikapunguza mwendo, baada ya dakika chache ukashuka wenyewe. Nikashukuru Mungu, nikakanyaga mafuta. Kumbe maji yalikuwa yameisha, na kile kipima joto kilikuwa kinaning'inia hewani, hakina cha kupima. Nilifika Gairo moshi unatoka. Kijana mmoja akakimbilia kufungua kwa kitambaa mfuniko wa rejeta, kile chombo cha mbele kinachopoza maji ya injini, nami nikiwa nimeinama pembeni yake. Kovu la mkono wa kushoto ninalo hadi leo.

Nilivutwa hadi Dodoma. Fundi akaweka gasketi mpya inayoziba chini ya hedi, hedi yenyewe (kipande cha juu cha injini) ikapelekwa kusawazishwa, pampu ya maji mpya, na thamostati, ile vali inayofungulia maji yaende kwenye rejeta yakipata moto, ikatolewa na kutupwa. "Hii ni ya nchi za baridi, bosi," akasema. Ilinitoka laki tisa na ushee. Wiki ya tatu nikiwa njiani kutoka Morogoro, gari ikachemsha palepale.

Nilimwuliza fundi kimeharibika nini, sikumwuliza kimeharibiwa na nini. Gasketi iliungua kwa sababu gari ilichemsha. Sasa ilichemsha kwa nini? Hilo halikuwa na jibu, na pesa ilishaenda.

Tabia ya gari yenyewe ilikuwa inasema. Mjini, hata kwenye foleni, mshale ulitulia. Ikichemsha kwenye foleni halafu ikapoa ukikimbia, anza na feni. Yangu ilikuwa kinyume: ilichemsha kwenye mwendo na mlima, wakati upepo unaingia tele hata bila feni. Maana yake maji hayazunguki inavyotakiwa.

Aliyelimaliza tatizo ni mzee mmoja anayetengeneza rejeta tu. Hakushika spana. Aliiacha gari ipate moto, akaizima, akapitisha kiganja taratibu juu ya uso wa rejeta. Akaniambia nami nijaribu. Pembeni pa moto, katikati kuna eneo la ukubwa wa sahani, baridi kabisa.

"Hapa maji hayapiti, mwanangu. Unaongeza maji gani?"

Ya bomba, nikamwambia, na safari nyingine ya kisima.

"Birika la nyumbani kwako umeshalitazama ndani?"

Anayeishi Dodoma hahitaji kuelezwa zaidi. Ule ukoko mweupe unaoganda kwenye birika ndio tuliouona alipoing'oa tangi ya juu: vijia vya maji vimezibwa kama bomba lililopigwa plasta. Maji yetu yana chumvi na chokaa. Mvuke ukiondoka, vyenyewe vinabaki, na kila ukiongeza maji unaongeza ukoko.

Rejeta nyingine ilinigharimu laki moja na themanini. Akanibadilishia na mfuniko, ambao springi yake ilikuwa imelegea. Huo mfuniko watu wanaudharau. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji matupu huku yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mfuniko mzima unayabana hadi yavuke 110 bila kuchemka. Thamostati tukairudisha, maana kuitoa hakuzibui kitu, na kwenye baadhi ya injini maji huanza kuzunguka humohumo bila kupita kwenye rejeta.

Kama umeshafungua hedi na gari bado inachemsha, asubuhi ikiwa ya baridi fungua mfuniko, washa, chungulia. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyobaki. Yakiendelea bila kukoma, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Gasketi haijakaa au hedi ina ufa, mrudie fundi. Na usilipe pesa ya mwisho kabla hamjatoka naye hadi kwenye mlima. Mzunguko wa mjini haukwambii kitu.

Ikichemka njiani, zima, ngoja nusu saa au zaidi, mfuniko usiguswe. Usiimwagie maji ya baridi ikiwa ya moto, utapasua hedi.

Siku hizi naweka kulanti, dawa ya kupoozea injini, iliyochanganywa na maji ya kuongezea betri, yale yasiyo na chumvi (si asidi, tafadhali). Dumu la lita tano linakaa nyuma ya siti. Nimeliandika SUMU kwa maka peni, maana shemeji yangu aliwahi kutaka kunawia.