Paka anakula mnofu wa sato, wajukuu wanakula mkia

Mzee wangu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma kwa makini, na kwa ajili ya wasomaji wengine naieleza kwa ufupi. Wewe ni mwalimu mstaafu wa Igoma, Mwanza, unaishi na mke wa mwanao pamoja na wajukuu watatu, mwanao akiwa kazini Geita. Unaye paka dume uliyemwokota akiwa mchanga karibu na soko la dagaa la Mwaloni, Kirumba, ukampa jina la Mheshimiwa, na tangu hapo amekuwa akila unachokula wewe: mnofu wa sato unaomchambulia miiba kwa vidole vyako, sangara wa kuunga pamoja na mchuzi wake, yai, chapati, na kila saa kumi alfajiri maziwa ya moto yenye sukari. Dagaa hataki hata kuwanusa. Hulala ndani ya chandarua chako, ambacho amekwisha kukichana. Mkweo amenuna, na juzi ulimsikia akimwambia mjukuu wako, "Mpelekee babu mdogo sahani yake." Unauliza kama umemharibu paka, na kama mkweo ana haki ya kununa ilhali samaki unanunua kwa pensheni yako.

Nianze na mkweo, kwa sababu paka hajui kwamba kuna ugomvi.

Pensheni ni yako na hakuna wa kukupangia, lakini samaki hafiki mezani kwa pensheni peke yake. Yupo mtu anayemparua magamba, akamtoa matumbo, akakaa kwenye moshi mpaka akaiva, kisha akaketi na kutazama mnofu wa mgongoni ukishuka chini ya meza huku kitinda mimba wake akipewa mkia na kuonywa ajihadhari na miiba. Kinachomuuma mkweo, kwa jinsi ninavyoisoma barua yako, ni nafasi ya watoto wake kwenye sinia kuliko bei ya sato, ingawa bei nayo si ya mchezo. Na kwa kuwa mke wa mwana hamkaripii baba mkwe wake, wala hawezi kumwondolea sahani mbele ya watoto, amebakiwa na vijembe. Wewe uliyefundisha darasani miaka mingi unajua kwamba watoto huhesabu bila kuambiwa wahesabu. Hao watatu wameshajua nani anapewa kwanza katika nyumba yenu.

Kwa hiyo usiitishe kikao wala usimtume mtu akaombe suluhu. Kesho chakula kikitengwa, megea watoto mnofu kwa mkono wako mwenyewe, wewe ule, paka asubiri, na bakuli lake liwekwe uani au jikoni baada ya watu kumaliza. Mkweo ataona, na akiona kwa wiki nzima ataelewa bila wewe kueleza chochote.

Sasa Mheshimiwa mwenyewe. Ndiyo, umemdekeza, na wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Hata hivyo usimlaumu kwa ulafi, kwa maana alichofanya ni kujifunza kwamba akikataa dagaa analetewa sato, na akilia usiku taa inawaka.

Huku kwetu ziwani tumezoea kudhani kwamba paka na samaki waliumbwa pamoja. Asili ya paka wa nyumbani ni paka mwitu wa nchi kavu za kaskazini mwa Afrika na Mashariki ya Kati, ambaye chakula chake kikuu kilikuwa panya na ndege wadogo. Mwili wake unahitaji nyama kila siku, kwa sababu ndani ya nyama mna kiini kiitwacho taurini, ambacho paka hawezi kukitengeneza cha kutosha mwenyewe, na akikikosa kwa muda mrefu macho na moyo wake huharibika. Chapati na ugali humjaza tumbo tu. Samaki si sumu kwake, ila samaki mtupu kila siku si mlo kamili, na baadhi ya samaki wakiliwa wabichi huharibu vitamini B1 mwilini, kwa hiyo hata wa paka apikwe.

Ile sukari unayotia kwenye maziwa inamfurahisha mtiaji. Ulimi wa paka hauonji utamu kabisa. Ndivyo alivyoumbwa, yeye na simba. Anachokifuata katika bakuli lile ni mafuta na joto, na paka wengi waliokwisha kukua hawawezi kusaga maziwa vizuri, ndiyo maana unaandika kwamba "tumbo lake halitulii." Acha maziwa, umwekee maji safi mchana na usiku.

Mchuzi ndio unaonitia hofu zaidi. Kitunguu maji na kitunguu saumu, viwe vibichi, vya kukaanga au vilivyoyeyukia kwenye rojo, huvunja chembe nyekundu za damu ya paka, na madhara yake hujilimbikiza polepole mpaka siku utakapomwona ufizi umepauka na hana nguvu. Asipewe tena, hata kijiko. Kayabo naye, yule sangara mkavu wa chumvi, abaki kuwa kitoweo cha watu. Na pale mwishoni mwa barua uliponiuliza kama unaweza kumpa nusu kidonge cha parasetamoli anapokosa raha, nakusihi, Mzee wangu, usithubutu: dawa hiyo ambayo sisi tunaimeza kwa mazoea inaweza kumuua paka kwa kiasi hicho hicho.

Umesema ni mzito lakini hukutaja kilo. Panda kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe tofauti. Paka wetu wengi waliokomaa huwa kati ya kilo 3 na 5. Mizani isipopatikana, pitisha vidole ubavuni mwake bila kubonyeza: ukizihisi mbavu chini ya ngozi, yuko salama, ukikuta godoro, amenenepa kupita kiasi, na paka wa namna hiyo yuko karibu na kisukari na maumivu ya viungo.

Kosa ambalo wengi hulifanya hapa ni kumfungia njaa ili "ashike adabu." Paka mnene akikaa siku mbili au tatu bila kula, mafuta ya mwilini hukimbilia kwenye ini na kulijaza, naye anaweza kufa, kwa hiyo usimsubiri mpaka njaa imlazimishe kula dagaa. Badilisha kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Nunua dagaa wasio na chumvi, na kama ni wale walioanikwa mchangani, waloweke na uwaoshe mpaka maji yatulie bila mchanga chini ya beseni. Wachemshe bila chumvi wala kiungo chochote. Siku ya kwanza changanya robo ya dagaa waliopondwa na robo tatu za sato wa kuchemsha, kisha uongeze dagaa na kupunguza sato kadiri siku zinavyokwenda. Katikati ya juma mpe moyo wa ng'ombe au nyama ya kuku iliyochemshwa, ambavyo vina ile taurini. Maini yawe kipande kidogo mara mojamoja, maana yakizidi humharibu mifupa. Mapanki, yaani mifupa ya sangara iliyokwisha kutolewa minofu, yanafaa kwa nyama iliyobaki juu yake, lakini itoe kwenye mifupa kwanza, kwa sababu mfupa uliopikwa hukatika vipande vyenye ncha. Akigoma kula siku nzima, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku inayofuata.

Kuhusu saa kumi alfajiri, paka kwa asili huchangamka kunapokaribia kupambazuka, ila kelele zile umemfundisha wewe kwa kuamka. Mchezeshe kamba jioni mpaka achoke, mpe mlo wake wa mwisho kabla hujalala, halafu funga mlango wa chumba. Usiku wa mwanzo atalia kuliko alivyowahi kulia, na ukikata tamaa katikati ukamfungulia utakuwa umemwonyesha kwamba kinachotakiwa ni kulia zaidi. Waombe radhi watu wa nyumbani mapema. Chandarua kishonwe leo, au kitafutwe kipya, kwa kuwa mbu wa Mwanza hawabishi hodi, na malaria kwa mtu wa umri wako haina mzaha.

Limebaki wazo la mkweo kwamba paka apelekwe mwaloni Igombe, pale ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki, "akajitafutie." Hapana. Paka aliyechambuliwa miiba tangu utotoni hataweza kushindana na mbwa na mwewe wa mwaloni, na kwa unene ule ninaousikia, njaa ya siku chache ingemmaliza kabla hajajifunza kuiba. Mheshimiwa abaki Igoma, ila ale wa mwisho.