Usihesabu Sura kwenye Bango la Filamu

Mimi na filamu za papa, mamba, simba na majoka yanayokula watu hatuachani. Kwa miaka mingi mchezo wetu sebuleni ulikuwa kubashiri nani ataliwa kwanza, na tuliuacha kwa sababu ulikuwa rahisi mno. Mweusi, mpagazi, mwenyeji anayeendesha mashua: nusu saa haiishi, mmoja wao keshakwenda.

Siku hizi mtu akiniomba filamu ya aina hii ambayo haimdharau mtu, namwambia asiliamini bango: kuwapo kwa sura za Weusi na wengine wasio Wazungu pale juu hakutoshi. Chukua Anaconda ya mwaka 1997. Jennifer Lopez, Mlatino, na Ice Cube, Mweusi, wanatoka hai, jambo ambalo enzi zile halikuwa la kawaida, na walistahili. Lakini safari yote ile ni ya kuwatafuta watu wa msitu wa Amazon, na watu wenyewe tunawaona mwishoni kabisa, wako kwenye mitumbwi, kimya. Ndio majirani wa hao majoka, na hakuna aliyewauliza neno!

Basi jiulize hivi: huyu mhusika anajua nini, na je, anaachiwa akitumie anachokijua? Deep Blue Sea ya 1999 ndiyo inayonipa raha hapa. Samuel L. Jackson, Mweusi na jina kubwa kuliko yote mle ndani, ananyakuliwa na papa katikati ya hotuba ya kuwatia wenzake moyo. Wapo waliokasirika, kwamba ni yale yale. Mimi sikukasirika. Tunashtuka kwa sababu tumelelewa na imani kwamba steringi hafi, na steringi tulidhani ni yeye. Halafu kuna mpishi, LL Cool J, anayelalamika kwa sauti kwamba watu wa rangi yake huwa hawasalimiki katika balaa la namna hii. Anamlipua papa kwa gesi ya jikoni kwake, na anasalimika. Jiko ni lake, analijua, na filamu inamwachia alitumie.

The Ghost and the Darkness (1996) inaniudhi zaidi kwa sababu msingi wake ni wa kweli. Simba wa Tsavo, mwaka 1898, waliwala vibarua wa reli, Wahindi na Waafrika. Filamu ikaona upungufu uliopo ni wa mwindaji, ikambuni Mmarekani na kumpa Michael Douglas. Kumbe palikosekana kibarua mmoja mwenye jina na hasira zake, anayelala kwenye hema huku simba ananguruma nje. Msimulizi ni Samuel, anayeigizwa na John Kani, na hilo nalishukuru. Ila masimulizi yake mengi ni ya Wazungu wawili.

Hata Beast ya 2022 nairudia kwa moyo nusu. Idris Elba na mabinti zake wanaruhusiwa kuogopa, kugombana na kukosea kama familia yoyote. Lakini wao ni wageni Afrika Kusini, na wanakijiji wa pale wanakutwa tayari ni maiti.

Kama unaandika ya kwako, muue umtakaye, simba hachagui. Ila huyo mwenyeji, kabla hajaliwa, mpe jina, mpe mtu wa kugombana naye, na umwache aseme simba amepitia wapi. Na awe sahihi.