Kupiga hesabu ya cc za injini: kazi iko kwenye kupima

Kijana unayeanza gereji au chuo cha ufundi, kanuni utapewa siku ya kwanza na utaikariri kabla ya chai ya saa nne: kipenyo cha silinda mara kipenyo, mara 0.7854 (robo ya pai, 3.1416), mara mwendo wa pistoni (umbali inaosafiri kutoka juu kabisa hadi chini kabisa), mara idadi ya silinda. Geuza milimita kuwa sentimita kabla ya kuzidisha, jibu litoke kwa cc, yaani sentimita za ujazo, moja kwa moja.

Chukua injini ya 3S ya Toyota, ile iliyokuwa kwenye RAV4 za kwanza na Ipsum. Kipenyo ni milimita 86, na mwendo ni 86 vilevile. Basi 8.6 mara 8.6 ni 73.96, mara 0.7854 unapata 58.09, mara 8.6 ni kama 499.6 kwa silinda moja. Zidisha kwa 4: 1998. Ndiyo hiyo watu wanaiita "elfu mbili". Si bahati kwamba imeishia chini kidogo ya 2000, maana kule Japani kodi ya gari inapanda kwa ngazi za cc, na watengenezaji wanazijua ngazi hizo kuliko sisi.

Hadi hapo ni kikokotoo tu. Wanafunzi wengi wanapotelea kwenye mwendo wa pistoni. Unakuta mtu kaingiza rula hadi chini ya silinda, akaandika urefu wote. Huo ni urefu wa silinda, na pistoni haiufuati wote. Hedi (kifuniko cha juu ya silinda) ikiwa imeshafunguliwa, zungusha krenki, ule mhimili unaopandisha na kushusha pistoni, hadi pistoni ifike juu kabisa, pima kwa mkia wa venia (ule mwembamba wa kupimia kina) kutoka uso wa bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, hadi kichwa cha pistoni. Izungushe ishuke hadi mwisho, pima tena pale pale katikati ya kichwa. Toa cha kwanza kwenye cha pili. Kama pistoni inachomoza juu ya bloku, kama kwenye dizeli nyingi, kile kilichochomoza unakijumlisha. Kwenye pikipiki utaona watu wanatumbukiza bisibisi kwenye tundu la plagi. Tundu lenyewe limelala upande, kwa hiyo kipimo kinadanganya, na bisibisi ikibanwa na pistoni utakuwa umejitafutia kazi nyingine.

Kipenyo nacho usikipime pale ringi za pistoni zinapopita ikiwa injini imetembea sana. Pale pamelika, tena pamelika zaidi upande mmoja. Shuka chini kabisa ambako ringi hazifiki; hapo ndipo utakutana na saizi iliyotoka kiwandani, au saizi ya mara ya mwisho silinda ilipochongwa kuongezwa upana.

Mteja wa bodaboda atakuambia, "Fundi, nichongee iwe na nguvu." Piga hesabu mbele yake. Injini ya CG125 ina kipenyo cha 56.5 na mwendo wa 49.5, sawa na cc 124. Ukichonga na kuweka pistoni ya oversaizi 0.50 (pana kwa nusu milimita kuliko ya kiwandani), kipenyo kinakuwa 57 na unapata 126. Mbili tu! Nguvu atakayoisikia barabarani imetokana na ringi mpya kuziba vizuri. Kwenye 3S oversaizi hiyohiyo inaongeza cc 23 hivi, kwa sababu kipenyo na mwendo wake ni vikubwa zaidi na silinda ziko nne. Kusaga hedi, kwa upande wake, hakubadilishi cc hata moja. Chumba cha mwako, ile nafasi inayobaki juu ya pistoni ikiwa juu kabisa, hakimo kwenye hesabu hii. Ukikipunguza unapandisha mgandamizo, basi.

Jibu likikataa, liangalie lenyewe kabla ya kurudi kupima. Likiwa kubwa mara elfu, ulibaki na milimita. Likiwa mara nne, ulitumia 3.14 ukasahau kugawa kipenyo kwa mbili. Likiwa robo kwenye injini ya silinda nne, ulisahau kuzidisha silinda, au uliweka nusu kipenyo kwenye kanuni ya 0.7854. Tofauti ya cc chache na kadi ya gari ni ya kawaida. Lakini vipimo vikiwa sawa mara mbili na kadi inasema 1500 huku wewe unapata 1800, acha kikokotoo, safisha bloku usome namba ya injini. Huenda injini ilishabadilishwa zamani na kadi haikuguswa.