Bodi inakataa miradi yangu ya teknolojia

SWALI: Ni meneja wa TEHAMA kwenye SACCOS. Nataka kufika ukurugenzi wa teknolojia, lakini bodi imenikatalia miradi miwili. Nikasome shahada nyingine? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Shahada iache kwanza. Mara nyingi andiko la mradi hukataliwa kwa sababu linaeleza seva na programu, wakati bodi inauliza fedha na hatari. Andika kurasa 2 tu. Anza na tatizo kwa namba: mkopo huchukua siku ngapi tangu ombi hadi malipo? Pima kwa wiki 4 kabla ya kugusa mfumo. Bila kipimo cha awali hutathibitisha lolote baadaye.

Gharama zipige za miaka 3: leseni, matengenezo, mafunzo, intaneti ya akiba (ya kutumia ile ya kawaida ikikatika) na kuhamisha taarifa za wanachama. Hiyo ya mwisho ndiyo hupasua bajeti, maana majina yaliyojirudia na masalio yasiyolingana husafishwa kwa mkono.

Omba majaribio ya siku 90 katika tawi moja, na uandike mapema ni matokeo gani yatakufanya usimamishe. Kisha watazame watumiaji kwa makini. Majaribio ya M-Pesa nchini Kenya, mwaka 2005, yalilenga marejesho ya mikopo midogo. Watu wakaanza kutumiana fedha. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, ikajengwa juu ya kutuma pesa.

Andiko lako limfikie mhasibu mkuu wiki moja kabla ya kikao. Bodi itamgeukia yeye kuhusu namba, na akizisikia hapo kwa mara ya kwanza atasita.