Wasomaji Wanauliza: Kukata Video Bila Kuirenda Upya

SWALI: Ndugu wahariri, hongereni kwa kazi. Narekodi harusi na mahafali. Mteja akitaka kipande cha dakika tano kutoka kwenye rekodi ya saa mbili, nakikata kwa ffmpeg, programu ya amri za maandishi, kwa kunakili tu, bila kurenda, yaani bila kuibana picha upya. Kazi inaisha upesi, lakini ukikifungua kipande, sauti inaanza vizuri ilhali picha imeganda au ni nyeusi kwa sekunde kadhaa. Nikirenda, tatizo linaisha ila picha inafifia. Nakosea wapi?
– Mpiga video, Morogoro

JIBU: Amri yako haina kosa, shida iko pale ulipokata. Video iliyobanwa kwa H.264, mbinu ya kubana picha, haihifadhi kila fremu ikiwa picha nzima. Fremu kamili, ya aina ya I, huja mara mojamoja. Nyingine hubeba mabadiliko tu: za P hutegemea zilizotangulia, za B hutegemea za nyuma na za mbele. Fremu kamili na zinazoifuata, hadi kamili nyingine, ni kundi moja. Ukianzia katikati ya kundi, ile fremu kamili imebaki nje ya kipande na kicheza video hakina pa kuijengea picha, hivyo husubiri fremu kamili inayofuata. Sauti haina kifungo hicho. Sauti iliyobanwa kwa AAC ya kawaida imegawanywa kwa vifungu vya sampuli 1024, takriban milisekunde 21 kwa sauti ya 48 kHz, kwa hiyo hukatika karibu popote.

Utasubiri kiasi gani? Inategemea kifaa au programu iliyobana. DVD ya mfumo wa PAL (wa fremu 25 kwa sekunde) hairuhusu kundi kuzidi fremu 15, yaani sekunde 0.6. Programu ya x264, inayobana kwa H.264, usipoigusa mipangilio yake, inaweza kufikisha fremu 250 kabla ya kuweka fremu kamili. Kwa fremu 25 kwa sekunde, hizo ni sekunde kumi nzima.

Kwa hiyo usikate kwa kukisia. Orodhesha kwanza nyakati za fremu kamili kwa ffprobe, inayokuja pamoja na ffmpeg:

ffprobe -v error -select_streams v:0 -skip_frame nokey -show_entries frame=pts_time -of csv=p=0 harusi.mp4

Tuseme unataka kuanzia sekunde ya 754, na orodha inaonyesha 752.000 kisha 762.000. Anzia 752. Mteja hatalalamikia sekunde mbili za ziada, ila atalalamikia giza. Kisha:

ffmpeg -ss 752.02 -i harusi.mp4 -t 300 -map 0:v -map 0:a -c copy -avoid_negative_ts make_zero kipande.mp4

Ile 0.02 ni ya makusudi. ffmpeg hurudi kwenye fremu kamili iliyo kwenye muda uliotaja au kabla yake. Muda halisi ukiwa 752.0004 nawe ukaandika 752, itarudi mpaka ile ya 742. Weka -ss (muda wa kuanzia) kabla ya -i (faili ya kusoma). Angalia pia -to (muda wa kuishia): ukiiweka baada ya -i, huhesabiwa tangu mwanzo wa kipande kipya, si tangu mwanzo wa rekodi, na wengi hupata kipande kirefu kupita kiasi kwa sababu hiyo. Kwa -t unaandika urefu tu, na mkanganyiko haupo. Zile -map mbili huchukua mikondo yote ya picha na sauti; usipoziandika, ffmpeg itachagua mkondo mmoja tu wa sauti, na kama maikrofoni ya pili ilirekodiwa kwenye mkondo wake, umeipoteza.

Mwisho wa kipande hauna masharti makali hivyo, kwa kuwa fremu za mwisho zina msingi wake nyuma yao.

Kuhusu muda: rekodi ya megabiti 8 kwa sekunde hufikia takriban GB 3.6 kwa saa. Kunakili hakufumbui picha hata moja, kwa hiyo kasi yake ni kasi ya diski. Ukiona kompyuta inanguruma kwa nusu saa, hakikisha -c copy, ile ya kunakili, haikusahaulika.

SWALI: Natumia programu ya Avidemux kuondoa matangazo katikati ya vipindi nilivyorekodi. Wakati mwingine pale nilipounganisha picha inavurugika na kuwa mabaka mabaka. Mbona si kila mara?
– Msomaji, Mombasa

JIBU: Kwa sababu wakati mwingine umebahatika kuangukia fremu kamili. Unapofuta katikati, sehemu ya kuchunga ni ile kipindi kinaporejea, maana hiyo ndiyo inayokuwa mwanzo mpya. Acha Video Output ikiwa Copy, weka alama ya A tangazo linapoanza, kisha kwa alama ya B tumia mishale ya juu na chini ya kibodi, ambayo huruka kutoka fremu kamili moja hadi nyingine. Chini ya dirisha aina ya fremu huandikwa. Kwenye alama ya B, aina hiyo iwe I. Kama fremu kamili ya karibu iko kabla ya tangazo kwisha, kubali mabaki ya tangazo au poteza sekunde moja ya kipindi. Sisi tungeacha mabaki, maana kilichofutwa hakirudi.

SWALI: Kamera yangu inagawa rekodi moja ndefu kuwa faili kadhaa za MTS. Nikiziunganisha, sauti inakatika kidogo kwenye maungio.
– Msomaji, Unguja

JIBU: Kadi zenye mfumo wa FAT32 hazipokei faili inayofika GB 4, ndiyo sababu kamera inagawa. Mpaka unaweza kuangukia katikati ya kifungu cha sauti, nusu huku nusu kule. Usiziandae moja moja; ziunganishe jinsi zilivyo, kwa mfuatano wake:

ffmpeg -i "concat:00001.MTS|00002.MTS" -c copy nzima.ts

Njia hii haifai kwa MP4. Huko andika orodha ya faili kwenye faili ya maandishi, kila mstari kwa mtindo wa file 'a.mp4', kisha:

ffmpeg -f concat -safe 0 -i orodha.txt -c copy nzima.mp4

Vipande vyote viwe na kodeki (mbinu ya kubana) ileile, vipimo vilevile vya picha na kiwango kilekile cha sampuli za sauti. Ukichanganya 44.1 kHz na 48 kHz, sauti itabadilika kimo na kuachana na midomo. Renda kile kipande kimoja kisicholingana na wenzake, vingine uviache.

SWALI: Na kama lazima nianzie kwenye neno lenyewe, si kabla wala baada?
– Msomaji, Nakuru

JIBU: Renda kuanzia neno hilo hadi fremu kamili inayofuata tu, kisha nakili yaliyobaki. Programu ya LosslessCut, ambayo ni ya bure, ina njia hiyo ila bado ni ya majaribio. Kagua maungio kwa macho kabla ya kumkabidhi mtu. Kama unarekodi mwenyewe kwa programu ya OBS, weka nafasi kati ya fremu kamili iwe sekunde 1. Faili itanenepa kidogo kwa ubora uleule, lakini hutakosa pa kukatia kila sekunde.